Mnyapara wa Reli ya Mchangani

Alizaliwa wapi na nani, sitasema, kwa sababu mwenyewe aliibadilisha habari hiyo kila alipopata msikilizaji mpya. Siku nyingine baba yake alikuwa dereva wa treni, siku nyingine bwana stesheni, na siku moja akiwa na homa kali baba yake akawa muuza karanga pale stesheni ya Tabora. Nadhani ile homa ndiyo iliyosema kweli. Sisi tulimwita Mnyapara. Hata kule ofisini Riyadh hakuna aliyemwita kwa jina lake, na yeye aliridhika, maana jina kila mtu analo.

Nilimfahamu miaka mingi kuliko nilivyotaka. Wakati ule mawakala wa Mombasa walikuwa wakizoa watu kuwapeleka Saudia bila kuchagua: wasichana wa kazi za ndani, walinzi, mafundi, na madereva kama mimi. Rafiki yangu Mwakio, tuliyekua naye Voi, alichukuliwa kama mtu wa reli. Baba yake alikuwa mtu wa gengi, kikosi cha kutunza njia, kwenye ile reli ya Voi kwenda Taveta kabla haijafa, na wakala aliposikia neno reli hakutaka kusikia lingine. Tukafika Riyadh, tukapewa ikama, kile kibali cha kuishi, tukapelekwa kaskazini jangwani, kwenye reli inayobeba fosfeti, madini ya mbolea, kutoka machimboni kwenda baharini. Ndiko tulikomkuta, amesimama kando ya reli, anatutazama viatu.

"Nani kati yenu ameshawahi kubeba taruma?" akauliza. Mataruma ni yale magogo yanayolala chini ya reli, ingawa kule yalikuwa ya zege na hakuna binadamu angeweza kulibeba hata moja.

Mwakio akainua mkono. "Baba yangu, reli ya Taveta..."

"Sikuuliza baba yako."

Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho. Mimi akaniuliza kama gari langu lina maji, nikasema lina, akasema basi na wewe una faida.

Kazi yetu ilikuwa mchanga. Treni za fosfeti ni ndefu, unaweza kuanza kunywa chai kichwa kikipita na ukamaliza mkia haujafika, lakini mchanga hauna habari na urefu wa mtu. Unahama usiku, asubuhi unakuta reli imezikwa. Kampuni ilikuwa na mashine ya kuufagia, ila mashine haifiki kila mahali, na pale isipofika ndipo gengi letu lilipofika na makoleo. Mimi nikiwapeleka na pikapu, naegesha, nasubiri, nawarudisha kambini. Kwa hiyo niliona kila kitu, na sina sababu ya kumpunguzia wala kumwongezea.

Nianze na kofia. Alikuwa na kofia ya reli ya kwao, ya rangi ya majani iliyokwisha kuwa rangi ya kitu gani sijui, na bamba la shaba mbele. Kampuni iliamuru kila mtu avae ile kofia ngumu ya plastiki. Yeye alivaa zote mbili, ngumu juu ya laini, ikawa imekaa juu juu kama sufuria iliyokosa figa. Akigeuka, kofia inachelewa. Hakuna aliyethubutu kucheka ila mimi, ndani ya gari, vioo vimefungwa. Na alikuwa na filimbi. Aliipiga treni ikija, hilo sawa, lakini pia aliipiga chai ikiwa tayari, aliipiga mtu akienda kujisaidia akikawia, na siku moja aliipigia ngamia.

Mbele ya wakubwa alikuwa mtu mwingine kabisa. Injinia akitoka Riyadh, Mnyapara alikuwa wa kwanza kufika kwenye mlango wa gari, mgongo umekunjika, uso wote meno. Kiarabu alikuwa hana. Alikuwa na naam, na tamam, na mafi mushkila, basi, na kwa maneno hayo aliendesha mambo yote ya gengi. Kuna siku tangi la maji lilikauka, na sisi midomo imepasuka. Injinia akauliza kama maji yamefika. "Mafi mushkila," Mnyapara akasema, yaani hakuna tatizo, na injinia akaondoka ameridhika. Tulikunywa maji ya kuoshea gari. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, aliniambia mkubwa haji jangwani kusikiliza kiu za watu.

Alikuwa na semi zake, na kila mtu kambini alizijua kwa sababu hazikuwa na likizo. "Reli haiombi msamaha." Hiyo alisema mtu akijikwaa, au akikosa chakula, au akifiwa. Nyingine ilikuwa "Gengi lina kichwa kimoja, mengine yote ni mikono." Maana yake hakuna mtu kugusa chuma chochote bila amri yake. Akikukuta umekaza hata nati moja kwa akili yako, utaifungua, kisha ataamuru uikaze. Sasa sikiliza ujanja wa kichwa hicho. Injinia akisifu kazi, Mnyapara anajigonga kifua, "Ana, ana," mimi, mimi. Kazi ikiharibika, ghafla kichwa hakipo, imebaki mikono. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu alilitia maji hata kabla ya kusifiwa.

Na mdomo wake juu ya reli za dunia, usiseme. Aliwagawa binadamu kwa reli zao. Ya Mjerumani, ile ya kwao ya kati, ilikuwa ina akili. Ya Mwingereza ilikuwa ina haraka. Hii ya Saudia ilikuwa ina pesa, halafu anatema mate. Ya kwetu Kenya aliifanyia mzaha wa kila siku. "Ninyi mlijenga reli mpaka kwenye ziwa la magadi," alituambia tukila. "Treni nzima inakwenda kuchota chumvi. Mkaita maendeleo."

"Na hii je, Mnyapara?" Mwakio akamjibu taratibu, anavunja mkate. "Si inakwenda kuchota mbolea?"

Watu walicheka mpaka mpishi akatoka jikoni kuuliza. Mnyapara hakumsemesha Mwakio mpaka siku ya pili.

Mara moja tulikwenda umra kwa basi, na tukapitia Madina. Kule kuna stesheni ya zamani ya reli ya Waturuki, ile iliyokuwa ikileta mahujaji kutoka Sham, na sasa wameifanya makumbusho. Wengine tulitaka kununua tende. Yeye, aliyetuhubiria njia nzima kuhusu ibada, alitoka msikitini mbio mbio kuliko mtu yeyote, ili awahi stesheni. Akapiga magoti pale kwenye reli ya kale, akagonga misumari kwa kidole, akatikisa kichwa. "Mnaona? Reli hii ilikufa kwa sababu haikuwa na wanyapara."

Mwakio akaniinamia sikioni. "Si ilipigwa baruti vitani?"

"Nyamaza," nikamwambia, "usije ukaambiwa hata baruti ilikosa mnyapara."

Lakini nitasema na hili, kwa kuwa nililiona. Kulikuwa na kichwa cha treni cha zamani ndani, kimepakwa rangi, kimesimamishwa. Mnyapara alitoa leso yake akaanza kulifuta bamba la namba, polepole, kwenye pembe zote, mpaka mlinzi akaja kumfukuza. Akamfukuza kama mtoto, na yeye akaondoka bila neno, ameshika leso. Sikuwahi kumwona mpole hivyo kwa kiumbe chenye damu, isipokuwa mara moja.

Mara hiyo ni Mwakio alipopigwa na joto. Alianguka kando ya tuta, macho yamegeuka. Mnyapara alimbeba mwenyewe mpaka kwenye kivuli cha gari langu, akamvua viatu, akammwagia maji ya kunywa, ya kwake mwenyewe, kisha akakaa mchana kutwa anampepea kwa ile kofia ya reli. Kofia aliyokuwa hamruhusu mtu kuigusa. Hapo nampa haki yake. Kesho yake alimrudisha palepale alipoangukia, akampa koleo, akamwambia, "Jana ulikuwa mapumzikoni." Kwa hiyo na haki yenyewe simpi yote.

Na kulikuwa na kisa alichopenda kukisimulia kuliko vyote. Alipokuwa kijana wa gengi huko kwao, aliacha spana juu ya reli, na toroli la mkaguzi likaikanyaga likapinduka. Mkaguzi akatoka vumbini anauliza ni nani. Mnyapara wao wa siku hizo akasogea mbele, akavua kofia, akasema, "Ni gengi langu, bwana." Hakutaja jina la mtu. Alishushwa cheo kwa ajili hiyo. "Huyo ndiye mnyapara," alikuwa akimalizia. Mwakio alikipenda kisa hicho, kwa sababu ndivyo baba yake alivyomfunza Voi: gengi likikosea, mnyapara ndiye anayevua kofia mbele ya mkubwa, na watu wake wanasimama nyuma yake. Alimpigia baba yake simu kumsimulia, na mzee akafurahi, akamwambia mwanangu umepata mtu wa reli wa kweli. Laiti angejua.

Sasa nije kwenye grisi, maana huko kote nilikuwa nazunguka.

Mahali treni mbili zinapopishana, reli moja hugawanyika kuwa mbili, na kuna chuma chembamba kinachosogea huku na huku kuielekeza treni. Sisi tulikiita ulimi. Kwetu, penye mvua na kutu, kila asubuhi gengi hupaka grisi pale ulimi unapotelezea, usipopaka unakwama. Hiyo ni sala ya asubuhi ya reli za Afrika Mashariki, baba yake Mwakio aliifanya, wa Tabora waliifanya. Jangwani ni kinyume. Mafundi waliofunga reli ile waliziacha ndimi kavu kabisa, zikitelezea juu ya magurudumu madogo, kwa sababu kule adui si maji, ni mchanga.

Siku hiyo tulipelekwa kwenye kituo kipya cha kupishania. Mnyapara akauona ulimi mkavu. Alikasirika kama mtu aliyemkuta mtoto wa jirani yuko uchi barabarani.

"Nani ameacha chuma hiki hivi? Huyu hakulelewa."

"Mnyapara," Mwakio akasema, "wale mafundi walisema kisiguswe."

"Walimwambia nani? Mimi sikuwepo." Akanigeukia. "Dereva, lete lile kopo la grisi ya magurudumu."

Nikaleta, grisi yake, amri yake. Akampa Mwakio kopo na kitambaa. "Paka. Paka mpaka ing'ae."

Mwakio akapaka mpaka ikang'aa. Mnyapara akarudi nyuma, akaitazama kazi, akapiga filimbi ya chai.

Jioni upepo ukaja, ukavuma mpaka alfajiri. Asubuhi wale wa chumba cha Riyadh, wanaogeuza ndimi kwa umeme wakiwa wamekaa kwenye viti, wakaugeuza ule wa kwetu. Ukafika katikati ukagoma. Treni imejaa fosfeti ikasimama jangwani inapiga honi, na nyingine nyuma yake, na reli ikafungwa mpaka alasiri. Injinia akaja, Mturuki mmoja mfupi asiyependa maneno. Akachuchumaa, akakwangua kwa ufunguo wa gari, akainuka na bonge la grisi na mchanga, gumu, unaweza kulitia mpini likawa jembe.

"Min?" akauliza. Nani?

Gengi zima likamtazama Mnyapara. Ilikuwa ndiyo saa ya ile kofia. Ameisimulia mara ngapi, sasa imekuja yenyewe mpaka miguuni pake. Nami nilimtazama, wallahi, nikiwa bado nina tumaini.

Akanyoosha kidole kwa Mwakio. "Hada," akasema. Huyu. "Mafi mushkila, injinia. Huyu mpya."

Mwakio alikuwa ametimiza zaidi ya mwaka. Alisema tu, "Niliamriwa," na chini ya kucha zake grisi bado ilikuwemo. Mimi nilisogea nikasema palepale, kwa Kiarabu changu cha madrasa kilichokuwa kizuri kuliko cha wote waliosimama pale, kwamba amri ilitoka kwa mnyapara. Injinia akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe dereva?"

"Naam."

"Basi garini. Yalla."

Halas. Mwakio akafutwa, akaambiwa asirudi tena nchi ile. Nilimpeleka Riyadh mimi mwenyewe. Tulisimama sokoni Al-Dirah akamnunulie baba yake shali, akachagua muda mrefu, akashika hili akashika lile, mpaka mwenye duka akachoka. Kisha akaniuliza, "Baba nitamwambia nini?"

"Mwambie kweli."

"Nikimwambia mnyapara alinisingizia hataamini. Kwake yeye mnyapara hasingizii. Kwake ni kama kumwambia imamu amekula daku mchana."

Na ikawa hivyo hivyo. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akapokea shali, akasema, "Mnyapara hawezi kumnyooshea kidole mtu wake bure." Hakumfukuza wala hakumtukana. Alimnyamazia mambo ya reli. Nyinyi mnaweza kuona ni jambo dogo, lakini wale wawili walikuwa hawana mazungumzo mengine. Tangu Mwakio akiwa mdogo walikuwa wakitembea jioni juu ya mataruma ya ile reli ya Taveta iliyokufa, mzee akimwonyesha hapa tulibadilisha, hapa twiga alitusimamisha. Sasa mzee akawa anakwenda peke yake. Ile reli mpya kubwa ilipojengwa kupita Voi, Mwakio akataka kwenda kuomba kazi, baba yake akamwambia, "Waachie wanaosikia amri." Kila nilipompigia Mwakio, salamu zikiisha tu, aliniuliza, "Umemwona?" Hakuhitaji kusema nani. Alitaka yule mtu aseme mara moja tu, baba yake akisikia, kwamba ni yeye aliyeamuru.

Nilimwona kila siku, bahati mbaya. Kampuni ikaita magengi yote kufundishwa kwamba ndimi za jangwani hazipakwi kitu. Mnyapara alikaa mbele, anatikisa kichwa kukubali kila neno, na tulipotoka akawaambia wageni, "Hayo nimekuwa nikiyasema siku zote." Nilimkabili siku moja kambini. Nikamwambia, Mnyapara, mpigie mzee wa watu simu, umwambie neno moja tu. Akanijibu reli haiombi msamaha. Nikamwambia wewe si reli. Akanitazama kana kwamba nimemtukana mamake.

Mkataba wangu ulipoisha nikapata kafili, yaani mdhamini, mwingine Jeddah, nikawa dereva wa familia moja ya Al-Hamra, shule na watoto, madukani na madam, jioni baharini kuwapeleka wakale aiskrimu. Kazi ya kipuuzi lakini haina mchanga. Nikamsahau Mnyapara, au nilijaribu.

Halafu ukaja ule wakati serikali ilipotoa nafasi kwa watu wasio na ikama waondoke bila faini. Karantina, mtaa wetu Waafrika pale Jeddah, nzima ilikuwa inafunga mabegi. Nilikuwa na mazoea ya kwenda huko Ijumaa kwa mama mmoja wa Kisumu aliyepika chapati chumbani kwake, na siku hiyo akanilalamikia. "Kuna mzee Mtanzania hapo juu, mgonjwa, ana kofia ya reli. Kila siku ananiambia nimepanga makaa vibaya."

Nikaacha chapati nikapanda ngazi.

Alikuwa amekaa juu ya godoro, amekonda, miguu imevimba. Kofia iko kichwani. Alikuwa ametoroka kampuni alipomaliza mkataba, badala ya kurudishwa kwao, akaja Jeddah kwa sababu alisikia wanajenga treni ya kasi ya kwenda Makka na Madina, akidhani wanamsubiri yeye. Walimcheka getini. Ikama ikafa, akabaki anabeba mizigo sokoni mpaka miguu ikakataa. Hakushangaa kuniona.

"Dereva. Umenenepa."

"Shikamoo, Mnyapara."

"Marahaba. Umeiona treni yao? Haina moshi, haina mlio. Abiria atajuaje kwamba anaondoka?"

Alitaka kwenda kwao. Alihitaji mtu mwenye gari na mwenye Kiarabu wa kumfikisha ofisini kwenye zile foleni, basi. Ningempeleka tu, na wiki ileile nilimpeleka, na akapanda ndege. Nasema mapema ili mtu asije akanifikiria vibaya. Lakini yeye hakuwa na haja ya kujua hilo. Nikamwambia, "Nitakupeleka. Kwanza utazungumza na Mwakio."

"Mwakio nani?"

"Mnyapara, usinichezee."

Nikapiga simu, nikaiweka sauti ya juu. Mwakio akapokea, nikamwambia niko naye. Kisha akasema, "Ngoja nimwite baba," na sauti ilikuwa imebadilika.

Tukasikia kiti kinavutwa. "Hujambo, Mnyapara," ikasema sauti ya mtu mzima.

"Sijambo. Naongea na nani?"

"Mtu wa gengi tu. Reli ya Taveta."

Mnyapara akajiinua kwenye godoro, akainyoosha kofia. "Taveta. Nasikia ile reli ilikuwa na kona mbaya."

"Mbaya sana. Hasa ukiikaribia Maktau."

"Tuta lilijengwa kwa haraka. Waingereza."

"Haraka ya vita," akakubali mzee.

Wakaendelea hivyo, kona na matuta, mimi nimeshika simu natokwa na jasho, nasema moyoni hawa wazee wataniua. Mwishowe mzee akasema, "Mwanangu alikuwa gengini kwako."

"Yule Mtaita mrefu. Namkumbuka." Dakika chache nyuma alikuwa ameniuliza Mwakio nani. "Kijana mzuri, ila mkono wake mzito. Grisi unamwambia apake nyembamba, yeye anapaka kama anamwekea mtu siagi kwenye mkate. Ndiyo maana mchanga ulinasa."

Hakuwahi kusema nyembamba. Alisema paka mpaka ing'ae, nilikuwa nimesimama pale na kopo. Nilifungua mdomo nimtukane, lakini mzee wa Voi akatangulia, polepole, kama mtu anayekagua chuma.

"Nyembamba au nene, Mnyapara, hilo tuliache. Nani alisema ipakwe?"

Mnyapara alikasirika kweli. Aliitazama ile simu kama imemvunjia heshima.

"Nani mwingine angesema? Mnyapara nilikuwa mimi. Gengi lina kichwa kimoja, mzee, wewe si mtu wa gengi? Unadhani kwangu mtu anagusa ulimi kwa akili yake?"

Nilimtazama Mnyapara kofia. Haikusogea. Kutoka Voi tulisikia simu ikiwekwa mezani, na sauti ya mzee ikiwa mbali kidogo, inaita, "Mwakio. Mwakio, vaa viatu. Twende tukatembee." Kisha hatua, kisha mlango, na hakuna aliyekumbuka kukata simu.

Nikaikata mimi. Mnyapara aliichukua mkononi mwangu, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaikunjia uso.

"Kioo chako kina mafuta," akasema, akinirudishia. "Kifute. Mafuta hushika vumbi."